Mjumbe Hauawi: Maisha na Kazi ya Ralph Bunche



Wazee wetu husema: Mjumbe hauawi. Maana yake ni wazi. Mtu aliyetumwa kupeleka maneno kati ya jamaa mbili zinazogombana asiguswe, hata kama maneno yake ni machungu; kwa kuwa mkimwua yeye, nani atakayepita tena njiani kuleta amani? Walakini methali hii inamlinda mjumbe tu, haimfundishi kazi yake. Kazi ya mjumbe ni nini hasa? Je, ni kuwapendeza wale anaofika kwao? Ni kumpendeza yule aliyemtuma? Au ni jambo jingine?

Tumeona vema kulitafuta jibu katika maisha ya mtu mmoja. Jina lake Ralph Bunche. Alikuwa Mmarekani mweusi wa ukoo wa watumwa. Akawa mshauri wa serikali yake kwa mambo ya nchi za nje, kiisha mjumbe mkubwa wa Umoja wa Mataifa, ambao sisi wa Kongo tumezoea kuuita O.N.U. Mwaka 1960, siku zile za uhuru, alikaa Leopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, akafika hata Elisabethville, ndiyo Lubumbashi. Wengine walimsifu, wengine walimlaumu sana. Tutayaeleza yote mawili, maana historia si wimbo wa arusi.

1. Mtoto wa kinyozi

Bunche alizaliwa Detroit, mji wa kaskazini mwa Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20. Baba yake alikuwa kinyozi, mama yake alipenda muziki. Mama aliugua, jamaa wakahamia Albuquerque penye hewa kavu. Walakini hakupona, akafa mwaka 1917. Baba alikwenda zake kutafuta kazi, wala hakuishi nao tena. Ralph na dada yake wakabaki mikononi mwa nyanya yao, Lucy Johnson, mama wa mama yao. Mama huyu alizaliwa wakati utumwa ulikuwa ungali unadumu Marekani. Alikuwa mwembamba wa mwili lakini mgumu wa moyo. Akawachukua wajukuu wake mpaka Los Angeles, akawalea kwa kuwakumbusha kwamba hakuna mtu aliyezaliwa chini ya mwingine.

Ralph aliuza magazeti barabarani, akatandika mazulia katika nyumba za watu, huku akisoma. Mwaka 1927 alimaliza masomo katika chuo kikuu cha Los Angeles, naye ndiye aliyekuwa wa kwanza. Chuo cha Harvard kikamwita, lakini nauli na chakula vingetoka wapi? Watu weusi wa Los Angeles wakachanga dola 1,000. Hebu tufikiri kidogo: wapishi, wafuaji, wabeba mizigo, killa mmoja akitoa alichoweza kwa ajili ya mtoto asiye wao. Bunche hakulisahau deni hilo.

Tangu 1928 alifundisha mambo ya siasa katika chuo cha Howard, mjini Washington. Halafu akaja Afrika kutafuta habari za kitabu chake cha masomo. Alilinganisha nchi mbili jirani: Dahomey, iliyokuwa koloni kamili la Wafaransa, na Togo, ambayo Wafaransa waliitawala kwa jina la Shirika la Mataifa. Kwa karatasi, hali ya Togo ilikuwa bora. Kwa macho yake, mwananchi wa Togo na mwananchi wa Dahomey walikuwa karibu sawa: kodi ile ile, amri ile ile. Kitabu hicho alikimaliza mwaka 1934, akapata digrii ya udaktari. Hapo Bunche alijifunza jambo ambalo hakuliacha tena: usiamini karatasi mpaka umekwenda kutazama mwenyewe.

Mwaka 1937 alikuwa London kwa masomo zaidi. Huko alipata mwalimu wa Kiswahili. Mwalimu huyo alikuwa mwanafunzi kutoka Kenya, jina lake Jomo Kenyatta, yule aliyekuja kuwa Prezidenti wa kwanza wa nchi yake. Kiisha Bunche akasafiri Afrika ya Kusini na Kenya. Wakikuyu wakampa jina la Kariuki, yaani aliyerudi kutoka kwa wafu. Kwao, mtoto wa waliochukuliwa utumwani alikuwa amerudi nyumbani.

2. Maneno yaliyofungua mlango

Vita kuu ya pili ilipowaka, serikali ya Marekani ilihitaji watu wanaoijua Afrika. Nao walikuwa wachache kabisa. Mwaka 1941 Bunche akaitwa katika idara ya habari za vita, na mwaka 1944 akaingia Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje. Ilikuwa kazi ambayo mtu mweusi hakuwahi kupewa pale. Kazi yake ilikuwa kushauri: kusoma, kuandika, kukaa nyuma ya wakubwa na kuwanong'oneza. Mshauri hapigi hotuba. Jina lake halitokei gazetini. Lakini mara nyingi maneno ambayo mkubwa anayatamka yalitoka katika kalamu yake.

Mwaka 1945 mataifa yalikutana San Francisco kuandika Sheria ya Umoja wa Mataifa. Bunche alikuwa miongoni mwa washauri wa Marekani. Aliyashughulikia hasa maneno yanayohusu nchi zisizojitawala na nchi za udhamini, nayo yamo katika sura ya 11 na ya 12. Hapakuwa rahisi. Wenye makoloni hawakutaka kufungwa, na wakubwa wa vita wa Marekani walitaka visiwa vya Pasifiki. Hata hivyo mambo mawili yaliingia: wenyeji wa nchi za udhamini waweza kuandika malalamiko yao moja kwa moja kwa O.N.U., na O.N.U. yaweza kutuma wajumbe waende wakatazame. Kwenda kutazama! Tunalisikia hapa lile funzo la Togo na Dahomey. Kutoka Wizara Bunche akahamia O.N.U. yenyewe, akapewa kuongoza idara ya udhamini.

Pengine msomaji atauliza: haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana sisi tunaokaa karibu na mto Ruzizi na ziwa Tanganyika. Ng'ambo ile Ruanda-Urundi na Tanganyika zilikuwa nchi za udhamini. Huku kwetu Kongo ilikuwa koloni. Mbelgiji yule yule alitawala Bukavu na Usumbura. Walakini mtu wa Usumbura aliweza kuandika barua New York ikasomwa kwa haki, mtu wa Bukavu hakuweza. Mwezi wa Machi 1955 Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini kule New York, akasema neno la watu wa Tanganyika. Tanganyika ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na Rwanda na Burundi tarehe 1 Julai 1962. Bunche hakuwapa uhuru, waliutafuta wenyewe. Lakini alikuwa mmoja wa wale waliosaidia kutengeneza mlango waliopitia.

3. Aliyekalia kiti chake

Sasa tufike mahali ambapo methali yetu ilivunjwa.

Mwaka 1948 vita ilizuka Palestina kati ya dola jipya la Israeli na nchi za Waarabu. O.N.U. ikamchagua mpatanishi, Folke Bernadotte, mtu wa jamaa ya kifalme ya Uswidi. Bunche akawekwa awe msaidizi wake mkubwa. Tarehe 17 Septemba 1948 walipanga kukutana Yerusalemu. Bunche akacheleweshwa njiani, Haifa, kwa sababu ya ukaguzi wa pasi ya karani wake. Bernadotte hakuweza kungoja. Kiti cha gari karibu naye, ambacho kingekuwa cha Bunche, akakikalia ofisa Mfaransa, Kanali André Sérot. Njiani gari zikazuiwa na watu wa Lehi, kikundi cha siri cha Wayahudi wenye silaha. Wakafyatua bunduki. Bernadotte na Sérot wakafa wote wawili.

Mjumbe aliuawa. Bunche, aliyeponea chupuchupu, akapewa kazi ya marehemu. Je, tungalimlaumu kama angalikataa? Lakini alikubali.

Mwezi wa Januari 1949 aliwakutanisha Wamisri na Waisraeli katika kisiwa cha Rodos, katika hoteli moja karibu na bahari. Mwanzoni wajumbe hawakutaka hata kuonana. Killa upande ulikaa kwake, na Bunche alikuwa akienda huku na kurudi kule. Alikuwa na werevu wa namna ya pekee. Hakuanza na jambo gumu la mipaka. Kwanza aliwaomba wakubaliane juu ya orodha ya mambo ya kuzungumza, waiandike na kuikubali pamoja. Ni jambo dogo sana! Lakini alijua kwamba mikono iliyokwisha kutia sahihi jambo dogo pamoja haitaogopa sana kutia sahihi jambo kubwa.

Tena husimuliwa hivi. Bunche aliwaagiza wafinyanzi wa kisiwani watengeneze sahani za ukumbusho. Mazungumzo yalipokwama, akawaita wajumbe chumbani mwake, akawaonyesha sahani hizo: mkipatana, killa mmoja atapata yake; msipopatana, nitazivunja vichwani mwenu. Wakacheka. Na watu waliocheka pamoja ni vigumu kununiana tena siku ile ile.

Alifanya kazi mpaka usiku wa manane, siku baada ya siku, kwa majuma sita. Tarehe 24 Februari 1949 Misri na Israeli zikatia sahihi mapatano ya kusimamisha vita. Kiisha Lebanoni tarehe 23 Machi, Yordani tarehe 3 Aprili, na Siria tarehe 20 Julai. Hayakuwa amani kamili, na wote wanajua kwamba vita ilirudi baadaye. Walakini bunduki zilinyamaza wakati ule, na watu waliotazamia kufa hawakufa. Mwaka 1950 Bunche akapewa tuzo la Nobel la Amani. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza duniani kulipata. Yeye mwenyewe alifikiri kulikataa, kwa kuwa aliona mjumbe hafanyi kazi ili apewe zawadi. Ndipo Katibu Mkuu Trygve Lie akamwambia alipokee.

4. Mkubwa duniani, mdogo nyumbani

Wasomaji wasidhani kwamba heshima hiyo ilimfutia ubaguzi. Mwaka 1949 Prezidenti Truman alitaka kumpandisha cheo, awe msaidizi wa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje. Cheo kikubwa namna hiyo hakijapata kutolewa kwa mtu mweusi. Bunche akakataa. Alisema wazi kwamba hataki kuwarudisha jamaa yake kuishi Washington, mji uliowatenga watu weusi katika shule, katika hoteli na katika nyumba za michezo. Angaliweza kunyamaza na kupokea mshahara. Hakunyamaza.

Katika miaka ile Marekani ilikuwa na hofu kubwa ya ukomunisti, naye alishtakiwa kwamba alikuwa rafiki wa wakomunisti. Mwaka 1954 aliitwa mbele ya baraza la uchunguzi, akajibu killa neno, wakamwona hana hatia. Na mwaka 1959 mtoto wake wa kiume alikataliwa katika chama kimoja cha tenisi mjini New York, kwa sababu ya rangi. Watu walipopiga kelele, chama kikaomba radhi na kumkaribisha. Bunche akakataa. Alijua kwamba mlango umefunguliwa kwa ajili ya jina lake kubwa tu, na mtu mweusi asiye na jina angebaki nje. Mwaka 1965, akiwa mgonjwa wa sukari, alitembea pamoja na Martin Luther King katika safari ya Selma kwenda Montgomery, kudai haki ya kupiga kura.

5. Leopoldville

Tarehe 25 Juni 1960 Bunche alishuka Leopoldville. Alitumwa na Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld ahudhurie sherehe za uhuru, kiisha akae kidogo kuishauri serikali mpya. Tarehe 30 Juni aliwasikia mfalme Baudouin, Prezidenti Kasavubu na Waziri Mkuu Lumumba. Siku tano baadaye askari wa Force Publique waliasi Leopoldville na Thysville, ndiyo Mbanza-Ngungu. Tarehe 10 Julai askari wa Ubelgiji wakaanza kuingia mijini bila kuombwa na serikali. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Kasavubu na Lumumba wakapeleka simu kwa O.N.U. kuomba msaada, na usiku wa kuamkia tarehe 14 Baraza la Usalama likakubali.

Basi mtu aliyekuja kuhudhuria sherehe akajikuta anapokea jeshi. Haikuwa kazi ngeni kwake kabisa. Mwaka 1956, wakati wa vita ya Suez, ndiye aliyekusanya na kupanga jeshi la kwanza la amani la O.N.U. Hapo ndipo zilipoanza kofia za buluu: hapakuwa na muda wa kushona kofia mpya, kwa hiyo walichukua helmeti za Kimarekani wakazipaka rangi. Sasa Watunisia, Waghana, Wamoroko na Wahabeshi walikuwa wakishuka Leopoldville kwa ndege, nao hawana bado jemadari. Mpaka jemadari wao, Mswidi Carl von Horn, alipofika, Bunche mwenyewe aliwaongoza.

Askari hawa walikuwa na amri moja kali: wasipige bunduki ila kwa kujilinda. Tulikumbuke neno hili, kwa kuwa ndilo fundo la habari inayofuata.

6. Siku mbili Elisabethville

Serikali ya Leopoldville ilitaka jambo moja kuliko yote: askari wa O.N.U. waingie Katanga, Wabelgiji watoke, kujitenga kuishe. Hammarskjöld alikuja mwenyewe Leopoldville. Siku ikawekwa: askari wataingia tarehe 6 Agosti. Lakini kwanza mjumbe atangulie. Tarehe 4 Agosti Bunche akapanda ndege kwenda Elisabethville.

Tshombe na waziri wake Godefroid Munongo walimwambia bila kuficha kwamba O.N.U. wakija, watapigwa. Bunche akatazama, kama alivyozoea tangu Togo. Aliona jeshi la Katanga chini ya maofisa Wabelgiji. Aliona watu waliokwisha kuchochewa. Akafikiri juu ya ndege zitakazoshuka na askari wasio na ruhusa ya kushambulia. Tarehe 5 Agosti akapeleka neno: msiwatume. Hammarskjöld akasimamisha safari.

Hapo lawama zikamwangukia. Lumumba alikasirika sana. Aliona kwamba O.N.U. imerudi nyuma mbele ya kitisho, na kwamba Tshombe amepewa muda wa kujiimarisha. Wengi walisema Bunche ni Mmarekani tu, rangi yake ni nyeusi lakini anawatumikia wakubwa wa Ulaya na Marekani. Tena juma moja baadaye, tarehe 12 Agosti, Hammarskjöld mwenyewe alishuka Elisabethville na askari wa Uswidi, wala hakuna bunduki iliyolia. Basi, husema wenye kulaumu, kitisho kile kilikuwa maneno matupu, na mjumbe alidanganyika.

Tunasema nini sisi? Lawama hii tusiidharau. Kujitenga kwa Katanga kulidumu miaka miwili na nusu. Katika muda huo Lumumba aliuawa katika ardhi ya Katanga tarehe 17 Januari 1961. Hammarskjöld alikufa katika ndege iliyoanguka karibu na Ndola usiku wa tarehe 17 Septemba 1961. Na wananchi wengi wasio na majina vitabuni walifukuzwa, waliuawa, walikufa njaa. Aliyelia msibani miaka ile alikuwa na haki ya kuuliza: mbona hamkuingia mapema?

Walakini tutazame upande wa pili pia. Tarehe 12 Agosti haikuwa sawa na tarehe 6. Kati ya siku hizo Baraza la Usalama lilikutana tena, likasema wazi kwamba O.N.U. lazima iingie Katanga, lakini isishike upande katika ugomvi wa ndani. Tshombe akasikia neno hilo la pili, akakubali. Kama ndege zingalishuka tarehe 6 zikapigwa, nani angeijibu damu ile? Bunche hakuweza kujua kwamba kitisho ni cha kweli au cha uongo. Aliweza kujua jambo moja tu: alichokiona na alichokisikia. Nalo ndilo alilolisema.

Hapa ndipo tunapoona jibu la swali letu la mwanzo. Bunche alijua kwamba Waziri Mkuu wa nchi anangoja neno jingine. Alijua kwamba Hammarskjöld amekwisha kuitangaza siku. Habari tamu ilikuwa: njooni, mambo ni tayari. Angaliitoa, hakuna aliyemkasirikia siku hiyo. Alitoa habari chungu, akalaumiwa mpaka kufa kwake. Mjumbe anayeogopa lawama huleta habari tamu, na habari tamu za uongo huzika watu. Yawezekana kwamba Bunche alikosea katika kupima hatari. Hakukosea katika kusema alichokiona.

7. Kando ya mto Lufira

Bunche aliondoka Kongo mwishoni mwa Agosti 1960, amechoka. Lakini Kongo haikumwacha. Kule New York aliendelea kushughulikia mambo yetu, chini ya Hammarskjöld, kiisha chini ya Katibu Mkuu mpya, U Thant.

Mwisho wa Desemba 1962 vita ilizuka tena Elisabethville. Safari hii askari wa O.N.U. walikuwa na ruhusa zaidi ya ile ya 1960. Askari wa Kihindi walisonga mbele, wakavuka mto Lufira, wakaingia Jadotville, ndiyo Likasi, tarehe 3 Januari 1963. Wakubwa wa New York walikuwa wamewaahidi mataifa mengine kwamba jeshi litangoja kwanza. Basi kumbe limekwisha kuvuka! Aibu ikawa kubwa. U Thant akampeleka nani? Alimpeleka Bunche, aende akatazame.

Alifika, akauliza, akasikiliza. Kosa angaliweza kumtwika jemadari aliyevuka mto. Au angaliweza kusema hakuna kosa, maana ushindi hufunika mengi. Alisema kama mambo yalivyokuwa: mawasiliano kati ya New York, Leopoldville na uwanja wa vita yalikuwa mabovu, wala O.N.U. haikuwa na mpango mzuri wa kupeleka na kupokea amri. Kosa lilikuwa la nyumba yake mwenyewe, nalo likatangazwa. Tarehe 14 Januari 1963 Tshombe na mawaziri wake walikubali kwamba kujitenga kumekwisha, na siku chache baadaye O.N.U. ikaingia Kolwezi kwa amani.

8. Mwisho wa mjumbe

Bunche aliendelea na kazi karibu mpaka mwisho wa maisha yake. Alishughulika na Yemeni na Kupro. Mwaka 1967 alilia kwa uchungu moyoni alipoona jeshi la amani alilolianzisha Suez linaondolewa kwa agizo la Misri, na vita ya siku sita ikafuata. Kazi yake moja ya mwisho ilihusu kisiwa cha Bahreni katika Ghuba. Irani ilidai kwamba ni mali yake. Bunche na wenzake walifanya mpango, mjumbe wa O.N.U. akaenda kuwauliza wenyeji. Wakasema wanataka kujitawala. Mwezi wa Mei 1970 Baraza la Usalama likakubali, Irani ikakubali pia. Hakuna aliyeuawa, kwa hiyo ni watu wachache wanaoikumbuka habari hiyo. Amani ina tabia hiyo: ikifaulu haina kelele.

Sukari ilimharibu macho, akawa karibu kipofu: mtu aliyeishi kwa kwenda kutazama. Alifariki New York tarehe 9 Desemba 1971, siku ile ile Tanganyika ilipotimiza miaka kumi tangu uhuru.

Mwaka 1999 kofia za buluu zilirudi nchini kwetu, na wengi wetu tumeziona kwa macho. Huku Kivu ya Kusini ziliondoka mwaka 2024. Tumewasikia watu wakizisifu, na mara nyingi zaidi tumewasikia wakiuliza: walikuja kufanya nini? Ni swali la haki, nalo ni swali lile lile la Agosti 1960. Hatudhani kwamba maisha ya Bunche yanalijibu lote. Yanatuonyesha tu mahali pa kuanzia. Tukiwa tumetumwa, iwe katika ugomvi wa mataifa, iwe katika ugomvi wa shamba kati ya ndugu wawili kijijini, tuulize kwanza: tumekwenda kutazama wenyewe? Tumesikia pande zote mbili? Na tukirudi, tutamwambia aliyetutuma mambo tuliyoyaona, au yale anayopenda kuyasikia?

Mjumbe hauawi, wasema wazee. Sisi tungeongeza: wala mjumbe asiliue neno alilotumwa kulileta.